Spektrofotomita moja, wanafunzi 180

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mhadhiri kijana katika chuo kikuu kimoja magharibi mwa Uganda. Idara yetu ya baiokemia huhudumia vitivo vingine. Muhula huu nina wanafunzi 180 wa mwaka wa kwanza, mchanganyiko wa udaktari, uuguzi, kilimo, teknolojia ya chakula na tiba ya mifugo. Wote huingia maabara siku moja kwa saa tatu. Nina spektrofotomita moja (mashine ya kupima mwanga unaomezwa na kimiminika chenye rangi) na fundi wa maabara mmoja, na umeme hukatika upendavyo. Tunafanya mazoezi yaleyale niliyofanya nikiwa mwanafunzi: kipimo cha Benedict cha sukari, kipimo cha biureti cha protini, kisha vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) na halijoto. Ripoti zinazonijia zinafanana hadi makosa ya tahajia. Wauguzi wananiuliza Benedict itawafaa nini wodini. Wa kilimo hawaulizi chochote. Mkuu wa idara anasema tusubiri fedha za vifaa, mwenzangu mmoja anataka kila fani iwe na mazoezi yake, mwingine anasema tuhamie maabara za kwenye kompyuta. Mimi nimeanza kuamini kwamba kizazi hiki ni kivivu tu. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Wanafunzi 180 katika vikundi vya watu wanne ni vikundi 45. Tuseme kila kikundi kina testityubu nane za kusoma kwenye mashine. Hizo ni 360. Kila moja ikichukua dakika moja tu, kufuta kyuveti (kichupa cha kusomea), kuitumbukiza, kusoma na kuandika, mashine yako inahitaji saa sita. Wewe una saa tatu, na nusu saa ya mwanzo huliwa na kuita majina na kugawa vitendanishi. Yaani kabla mwanafunzi wa kwanza hajafunga vifungo vya koti lake jeupe, ratiba imekwisha kuamua kwamba zaidi ya nusu ya darasa watanakili. Mtu akipewa kazi isiyowezekana hutafuta mlango wa nyuma, na huo mlango sisi ndio tuliouacha wazi.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nimo. Miaka ya nyuma, katika chuo ambacho sitakitaja, fundi alitayarisha amilasi, kimeng'enya kinachokata wanga, siku ya Ijumaa akaiweka kwenye friji. Umeme ukakatika hadi Jumatatu asubuhi. Tukafanya zoezi la halijoto bila mtu kujua lolote. Jioni, wakati nasafisha meza, nikajaribu mwenyewe kwa udadisi: kimeng'enya kilikuwa kimekufa, wanga haukuguswa, kila tone la iodini lilibaki bluu-nyeusi hata ningesubiri hadi usiku. Wiki ileile nikaletewa ripoti thelathini na nane, zote zina mchoro mzuri wa kilima, kilele chake nyuzi 37. Nilikasirika siku nzima. Kisha nikaisoma karatasi ya maelekezo niliyowapa mimi mwenyewe, mstari wa tatu: "Lengo ni kuonyesha kwamba kimeng'enya hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 37." Niliwapa jibu, nikawaomba wanirudishie. Wakanirudishia. Tunawapa mapishi, halafu tunashangaa wakipika matokeo.

Kwa hiyo hofu yako kuhusu uvivu iweke kando kwanza. Swali la kujiuliza ni hili: katika zoezi lako la wiki ijayo, kuna jambo gani ambalo mwanafunzi hawezi kulijua mpaka alifanye kwa mikono yake? Kama halipo, kunakili ni jambo la akili, na anayenakili amekuelewa vizuri.

Kuna sababu ya pili ya kunakili, nayo iko ndani ya kichwa. Mtu anaweza kushika mambo machache tu kwa wakati mmoja akiyafanyia kazi. Alex Johnstone, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliandika mwaka 1991 kwamba kemia huwashinda wengi kwa sababu tunawarusha kati ya ngazi tatu: kinachoonekana kwa macho, kinachotendeka katika chembe zisizoonekana, na alama tunazoandika ubaoni. Sisi wa baiokemia, nadhani, tunaongeza ya nne: mgonjwa kitandani, ng'ombe zizini, shamba la muhogo. Sasa mtazame binti wa mwaka wa kwanza aliyetoka shule ambako maabara ilifunguliwa wiki ya mtihani tu. Kidole gumba chake kinapambana na pipeti, mrija wa kupimia kimiminika, asiyoizoea. Jicho moja liko kwenye saa. Karatasi ya maelekezo ina kurasa sita. Wewe unapaza sauti kwamba vikundi vya upande wa dirisha vije kwenye mashine. Wakati huohuo tunataka awaze jinsi protini inavyokunjuka kwa joto! Akili yake hufanya jambo la busara kabisa: inaacha kuwaza, inafuata hatua moja baada ya nyingine hadi mwisho.

Dawa yake ni kupunguza mzigo kabla ya siku yenyewe. Wiki ya kwanza usifanye kipimo chochote cha kemia. Wape pipeti, maji yenye rangi na mizani, wapime mililita moja ya maji mara kumi na kuona kama kila mara wanapata gramu moja. Wengi watashtuka kuona mikono yao inavyowadanganya, na mshtuko huo una faida kuliko mhadhara wa makosa ya vipimo. Kuanzia hapo, karatasi ya maelekezo iwe ukurasa mmoja. Na hakuna kuingia maabara bila mwanafunzi kuchora kwa kalamu, kwenye daftari lake, grafu anayotarajia kuipata, na chini yake sentensi moja ya kwa nini. Ukisimama mlangoni na kuyatazama madaftari kwa sekunde tatu tatu, utajua ni nani amesoma.

Sasa pendekezo la mwenzako, la kuzigawa fani. Naelewa linatoka wapi, lakini nalipinga. Kwanza, fundi wako mmoja atalazimika kutayarisha mazoezi matano badala ya moja, na atakukimbia kabla ya muhula kwisha. Pili, molekuli hazijui vitivo. Muuguzi na bwana shamba wakikaa meza moja wakizungumza juu ya kimeng'enya kimoja, kila mmoja anamletea mwenzake kitu asichokijua. Kiini cha zoezi kibaki kimoja. Kinachobadilika ni sampuli, na swali ambalo kila fani inalijibu mwishoni.

Nikupe mfano ninaoupenda kuliko yote, kwa kuwa uko mlangoni pako. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu 98 waliugua kwa sumu ya sianidi baada ya kula unga wa muhogo, na wawili wakafa. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa takriban miligramu 88 za sianidi kwa kilo, na kiwango kinachokubalika kimataifa ni 10. Wanafunzi wako wengine huenda wanatoka vijiji vya jirani na huko. Waulize: sumu hiyo ilitoka wapi, na kwa nini mihogo mingine huliwa kila siku bila neno?

Hapo baiokemia inaanza yenyewe. Muhogo huhifadhi kitu kiitwacho linamarini ndani ya vifuko vya seli, na kimeng'enya chake, linamarasi, hukaa kwenye ukuta wa seli. Havikutani. Mzizi ukikwanguliwa, ukitwangwa au ukilowekwa, kuta hupasuka, viwili hivyo hukutana, linamarini hukatwa na hatimaye sianidi hutoka kama gesi na kupeperuka. Sasa mkulima mwenye haraka, au mwenye njaa, anaukata muhogo mchungu vipande na kuuanika juani bila kuuloweka. Maji yanakauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Unga unaonekana mweupe na mzuri, na linamarini imebaki ndani.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya hapa bila mashine yoyote. Howard Bradbury na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walitengeneza kifurushi cha karatasi za pikreti, yaani zilizotiwa kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sianidi: unaweka miligramu 100 za unga kwenye kichupa, unaongeza maji na kimeng'enya, unaning'iniza karatasi ya njano, unafunga, unaacha hadi kesho. Sianidi ikiwapo, karatasi hugeuka kuelekea kahawia, nawe unalinganisha na chati ya rangi. Kundi hilohilo la watafiti lilieleza njia rahisi ya kusafisha unga: uchanganye na maji, uutandaze tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha upike siku hiyohiyo. Maji yanawakutanisha tena wale wawili waliotenganishwa na ukavu.

Basi kila kikundi kilete unga wake, kutoka nyumbani au sokoni. Nusu waupime ulivyo, nusu wautandaze kwanza nje ya jengo, kwenye upepo. Waamue wenyewe: juani au kivulini, saa ngapi, tabaka la unene gani, na jaribio linganishi liwe lipi. Hakuna kikundi kitakachonakili cha jirani, kwa sababu unga wa jirani ni mwingine. Kisha kila fani ipewe swali lake. Wa kilimo na wa chakula: mngemshauri nini mkulima anayeanika vipande barabarani? Wa udaktari: sianidi inakamata sehemu gani ya mnyororo wa upumuaji wa seli, na kwa nini mgonjwa anakosa hewa wakati damu yake imejaa oksijeni? Wauguzi: mwili huibadilisha sianidi kuwa thiosaineti kwa kutumia salfa inayotokana na asidi amino za chakula. Nani basi yuko hatarini zaidi, aliyekula muhogo na maharage au aliyekula muhogo mtupu? Hapo utaweza kuwasimulia kuhusu konzo, ulemavu wa miguu unaowapata watu wanaoishi kwa muhogo mchungu bila protini ya kutosha. Na wa mifugo wana maganda ya muhogo wanayolishwa mbuzi na nguruwe.

Usiogope kuhusu usalama wa jaribio lenyewe likifanywa kwa kipimo hicho: unga wa miligramu 88 kwa kilo ukiweka miligramu 100 tu, sianidi yote iliyomo haifiki mikrogramu 10. Lakini amua mapema mtafanya nini unga wa mtu ukionyesha kiwango cha juu. Mwambie mwenyewe faraghani, mfundishe njia ya kulowesha, na kama unga ulinunuliwa dukani, ofisi ya afya ya wilaya ijulishwe. Jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya zoezi kabla hamjaanza.

Zoezi la pili ni rahisi zaidi, nalo linalifufua lile la halijoto lililokufa mikononi mwangu. Badala ya amilasi ya kununua, tumia kimea cha ulezi. Chukua ulezi, uloweke, uache uchipue. Sampuli moja isichipuliwe kabisa, nyingine ichipue siku mbili, nyingine tatu, nyingine nne. Kausha, saga, chuja kwa maji. Changanya na uji mwepesi wa wanga, na kila sekunde 30 toa tone ulidondoshee iodini kwenye kigae cheupe. Unachopima ni muda unaopita hadi bluu ipotee. Saa ya mkononi inatosha. Umeme ukikatika, chupa ya chai yenye maji ya moto na kipimajoto vinashika halijoto vizuri kwa nusu saa, na kuna somo la bure humo kuhusu joto linaloshuka polepole. Wanafunzi watagundua pia kwamba kilele cha amilasi ya kimea hakiko nyuzi 37. Kiko juu zaidi, na wale waliozoea kuandika 37 watajitaja wenyewe.

Meza ya zoezi hilo huwa na kelele, kwa sababu kila mtu anakijua kimea. Kijana wa Teso atakueleza malwa, pombe ya ulezi, na binti wa Kigezi atakueleza bushera, kinywaji cha kimea. Wauguzi wapeleke kwenye uji wa mtoto: uji mzito ukitiwa kijiko cha kimea hulainika, hivyo mama anaweza kuongeza unga bila mtoto kushindwa kumeza, na kwa ujazo uleule mtoto anapata nguvu zaidi. Anayekwenda mazoezini katika kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, Mulago, ataikumbuka meza hiyo. Wa udaktari waulizwe kwa nini amilasi hupanda katika damu ya mwenye uvimbe wa kongosho. Wa mifugo waulizwe kwa nini mate ya ng'ombe hayana amilasi ya kutajika. Kilimo hawana haja ya kuulizwa, mbegu inayochipua ndiyo somo lao.

Na wale wauguzi waliokuuliza Benedict itawafaa nini wodini? Wana haki. Wajibu kwa ukweli kwamba hawataitumia. Mwanakemia Mmarekani Stanley Benedict alitoa kitendanishi chake mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi mkojo wa wagonjwa wa kisukari ulichemshwa nacho, hadi katika miaka ya 1950 zilipokuja stripu, vipande vyembamba vya kuchovya, zenye glukosi oksidasi, kimeng'enya kinachoitambua glukosi. Usiifute Benedict, igombanishe na stripu. Tayarisha "mkojo" bandia, maji ya chumvi yenye rangi kidogo ya chai, ugawe katika vichupa visivyo na majina: kimoja kina glukosi, kingine fruktosi, kingine laktosi, kingine sukari ya mezani, kingine vitamini C peke yake, na cha mwisho glukosi pamoja na vitamini C. Kila kikundi kipime kwa njia zote mbili.

Utaona vurugu nzuri. Benedict itageuka kwa fruktosi, kwa laktosi na hata kwa vitamini C, kwa kuwa haiulizi wewe ni nani, inauliza kama una elektroni za kuipa shaba iliyomo ndani yake. Sukari ya mezani itaiacha ilivyo. Stripu itanyamaza kwa zote isipokuwa glukosi. Kisha kwenye kichupa cha mwisho stripu nyingi zitafifia au kunyamaza kabisa, kwa sababu vitamini C inaila peroksidi ambayo ingeleta rangi. Baadhi ya stripu zimetengenezwa kulizuia hilo, kwa hiyo zijaribu zako kabla ya darasa. Muuguzi atakayemkuta mgonjwa anayemeza vidonge vya vitamini C kila siku atajua cha kuuliza. Atajua pia kwa nini mjamzito au mama anayenyonyesha, mwenye laktosi kwenye mkojo, angeweza kuitwa mgonjwa wa kisukari na kipimo cha zamani.

Turudi kwenye mashine. Mkuu wako wa idara hajakosea kuomba fedha, aendelee kuomba. Ila usikubali muhula usimame ukizisubiri. Mlinganyo wa Michaelis na Menten wa kasi ya vimeng'enya, unaowatoa jasho wanafunzi wako, ulichapishwa mwaka 1913 kutokana na kazi iliyofanywa Berlin kwa sukari ya kawaida, kimeng'enya cha hamira na polarimita, kifaa cha kupimia sukari kwa mwanga. Spektrofotomita za kuuzwa madukani zilikuja miaka mingi baadaye. Walichokuwa nacho wale wawili ni uangalifu: walidhibiti tindikali ya mchanganyiko wao na kupima kasi ya mwanzo. Uangalifu huo hauhitaji soketi.

Simu za wanafunzi zinaweza kusaidia pia, ingawa zina mipaka yake. Rangi ya zambarau ya biureti inameza mwanga wa kijani, kwa hiyo ukipiga picha testityubu zako mbele ya karatasi nyeupe, ndani ya kasha lenye mwanga uleule, na kusoma thamani ya kijani kwa programu ya bure, unapata namba inayoshuka kadiri protini inavyoongezeka. Tatizo ni kwamba kamera ya simu huchezea picha ili ipendeze, hivyo hata ukiigeuza namba hiyo kuwa kiasi cha mwanga uliomezwa, hutapata mstari ulionyooka kama inavyodai sheria ya Beer na Lambert, kwamba mwanga unaomezwa huongezeka sawia na wingi wa kitu kinachoumeza. Lazima kila kikundi kitengeneze msururu wake wa viwango vinavyojulikana na kulinganisha nao. Mimi ningefanya hivyo kwa testityubu zote, kisha kila kikundi kipeleke moja tu kwenye mashine kuhakiki. Testityubu 45, dakika 45.

Maabara za kompyuta nazo zina mahali pake. Kwa elektroforesi, njia ya kutenganisha molekuli kwa umeme, usiyoweza kuinunua, au kwa kumwandaa mwanafunzi usiku wa kuamkia zoezi, ni nzuri. Lakini hazifundishi mkono, haziharibiki kama amilasi yangu ili mwanafunzi ajifunze kushindwa, na bando linalipwa na mwanafunzi. Kuzitumia peke yake ni kuwafundisha kuogelea ukutani.

Ukitaka hesabu ile ya mwanzo ikae sawa, gawa darasa zamu tatu za watu 60. Hapa kuna gharama, sikufichi. Kama siku ya maabara ni moja kwa wiki, kila mwanafunzi ataingia mara moja kwa wiki tatu, na mazoezi tisa yatakuwa matatu. Wenzako watapiga kelele kwamba umepunguza mtaala. Mimi nimeyafundisha tisa nusunusu kwa miaka mingi na sijutii kuyaacha, ila wewe ndiye unayewajua wakaguzi wako. Wiki mbili ambazo zamu haiko maabara, wawe darasani na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakichambua namba za zamu iliyotangulia. Chagua wa mwaka wa tatu wanaoweza kusema "sijui, tujaribu".

Alama ndizo zitakazobadilisha tabia haraka kuliko yote. Ripoti ndefu ya kupelekwa nyumbani ndiyo inayonakiliwa, basi ipunguzie uzito. Ningetoa nusu ya alama kwa daftari lililoandikwa kwa kalamu, likapigwa sahihi na fundi au mwanafunzi msaidizi kabla mtu hajatoka mlangoni, likiwa na madoa na mistari iliyokatwa. Zilizobaki nyingi nizipe mahojiano ya dakika mbili: kila kikundi kinasimama, mimi nachagua mmoja bila kumwonya, namuuliza kwa nini namba hii imepanda. Jibu lake ni alama ya wote wanne. Vikundi 15 kwa zamu ni nusu saa. Na zoezi lililoshindikana lipewe alama kamili kama maelezo ya kushindikana yana mantiki. Ukishafanya hivyo mara mbili, hawatakuwa na sababu ya kupika.

Kuna jambo moja ambalo utashawishika kulifanya, nakuomba usilifanye: damu ya wanafunzi. Kipimo cha selimundu kinavutia, ni cha bei nafuu, na hadithi yake, kuanzia mwanakemia Linus Pauling mwaka 1949 alipoonyesha na wenzake kwamba ni ugonjwa wa molekuli, ni nzuri kusimulia. Lakini uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016, kwa damu ya watoto wadogo, ulikuta asilimia 13.3 wana chembe moja ya kurithi ya selimundu. Kwa kadirio hilo, katika darasa lako la 180 kuna kama watu 24. Unataka wagundue hilo mbele ya wenzao, pengine mbele ya mchumba aliyekaa meza ya pili, bila ushauri nasaha na bila kuombwa ridhaa? Achilia mbali virusi vya homa ya ini na VVU. Tumia picha za elektroforesi zilizokwisha kutengenezwa. Hata mate, kwa zoezi la amilasi, nimeyaacha tangu nilipoanza kutumia kimea.

Yapo ambayo barua yangu haiwezi kukutatulia. Ukitaka kubadilisha mgawanyo wa alama au saa zilizoandikwa kwenye mtaala, hilo linapita kwenye kamati za kitivo na seneti, kaa na mkuu wako wa idara kabla hujatangaza chochote darasani. Sampuli yoyote ya binadamu, hata iwe ya kujitolea, ipitie kamati ya maadili. Kwa yale maswali ya fani, usiyatunge peke yako: nenda wodini unywe chai na mkufunzi wa uuguzi, umuulize ni kosa gani la vipimo linalomkera zaidi. Nilipata maswali mazuri hivyo kuliko kwenye kitabu chochote.

Na karatasi za pikreti zinunue zikiwa tayari, au zipate kwa mwanakemia mwenye uzoefu aje akutengenezee hapohapo. Usijaribu mwenyewe kwa maelezo ya kusoma. Asidi ya pikriki inayotumika kuzitengeneza huhifadhiwa ikiwa imelowa maji, ikikauka inaweza kulipuka. Wiki hii, kabla hujapanga lolote, pitia kabati la vitendanishi pamoja na fundi wako. Mkikuta chupa kuukuu ya asidi hiyo ambayo imekauka, au yenye fuwele kwenye mfuniko, msiifungue wala kuisogeza. Fungeni chumba, kisha mwite anayehusika na usalama wa maabara chuoni.